Gari la Baba Juu ya Mawe

Katika nyua za Usukuma, kuanzia kingo za Ghuba ya Speke hadi nyanda zinazopakana na Serengeti, gari lililokufa halizikwi. Huinuliwa kwa jeki, magurudumu yakatolewa, likaketishwa juu ya mawe manne chini ya mti, nalo likakaa hapo masika kwa kiangazi. Kuku hutaga katika kiti cha nyuma. Watoto huenda safari zisizo na mwisho kwa usukani usioshika kitu. Mvua hupenya pale mpira wa kioo ulipopasuka, nayo kutu huanza kazi yake ya polepole katika kona ambazo jicho halifiki. Mwenye gari akifa, gari hubaki. Na siku moja mmoja wa wanawe hurudi kutoka mjini, hulizunguka mara mbili, hugonga mlango kwa kidole kusikiliza kama bati lingali na sauti, kisha huuliza: je, laweza kufufuka?

Swali hilo huonekana ni la fundi, na fundi atalijibu kwa spana. Lakini ndani yake mna swali jingine la kihistoria: kwa nini gari lilisimama? Anayelijibu la kwanza bila ya kulijibu la pili atapata gari linalotembea, wala hatajua alichokirithi.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga na kupewa jina la mto unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Zao lake la fedha ni pamba, na katika kulima pamba hakuna mkoa wa Tanzania unaoupita. Kwa mkaazi wa visiwani, aliyezoea kuyapima masafa kwa upepo na maji, ni nchi ya mbali na ya namna nyingine: nyanda pana, ng'ombe wengi, mibuyu na mikwaju, na mito inayokauka kiangazi ikarudi kwa ghadhabu masika.

Wasukuma ni mabingwa wa kuutaja udongo. Luseni ni ule wa mchanga, mwepisi kwa jembe na mwepesi kwa gurudumu. Ibambasi ni ule mgumu, ambao maji huteleza juu yake kama juu ya sakafu. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtu, na mvua ikinyesha hugeuka ugali. Udongo huo mweusi ndio ulioipa nchi hii utajiri wake, na ndio uliozizamisha lori zilizokuja kuuchukua. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Malampaka, katika Wilaya ya Maswa; lakini kutoka shambani hadi kituoni palikuwa na njia za udongo tu, na lami haikufika mji wa Bariadi ila katika miaka ya 2010. Kwa hiyo mtu aliyenunua gari katika nchi hii alikuwa akinunua pia ugomvi wa maisha na udongo.

Gari la michezo lina nini basi na nchi kama hiyo? Anayetazama picha za Ulaya ataona kigari cha milango miwili, kilichoinama kifua karibu na ardhi, cha kijana tajiri wa Jumapili. Gari la namna hiyo lisingevuka mto wa kwanza nje ya Maswa. Lakini Afrika Mashariki ilikuwa na maana yake yenyewe ya gari la mashindano, na maana hiyo ilizaliwa barabarani, katika matope na vumbi.

Mwaka 1953, katika siku za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, wapenzi wa magari wa Nairobi walianzisha mbio za kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakaziita Coronation Safari. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Kanuni moja ya siku za mwanzo yafaa kukumbukwa: magari yaliwekwa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, wala si ukubwa wa injini. Ilikuwa kama kusema kwamba mwamuzi ni mnunuzi. Gari lililoshindana lilikuwa, au lilipaswa kufanana na, lile lile ambalo mwalimu, mfanyabiashara au mkulima aliyefanikiwa angeweza kulinunua wiki ifuatayo. Mshindi hakuwa lazima mwenye kasi kuliko wote. Alikuwa yule aliyefika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara ya pili yakafika 7. Mara zote mbili waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404.

Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1966 na 1967, gari la aina hiyo hiyo lilishinda likiwa mikononi mwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Ushindi huo ulihesabiwa kuwa wa Tanzania, na si ajabu. Peugeot 404 lilitolewa mwaka 1960, likachorwa na Pininfarina wa Italia, nalo ni gari la milango minne, la familia, lenye injini ya ujazo wa sentimita 1,618 iliyolazwa ubavu. Halina umbo la majivuno. Hata hivyo ndilo lililoshinda mara nne katika miaka sita, na ndilo lililobeba abiria, magunia na wagonjwa katika barabara za bara. Aliyeliona likipita kwa kasi na namba ya mashindano mlangoni, kisha akaliona la jirani yake likipakia mbuzi, aliona gari moja. Kwa hiyo mwana wa Bariadi anayelikuta 404 la baba yake juu ya mawe ana haki ya kusema kwamba baba alikuwa na gari la mashindano. Na akisema hivyo hatakuwa amejikweza.

Umaarufu wa mbio hizo haukujengwa na viwanda peke yake. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa fundi aliyekuja kutoka Punjab, na kazi aliijifunza katika gereji ya baba yake. Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu alivukuta kwanza, kisha akasana. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant, katika Volvo PV544 lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, ambalo ndugu hao walilitengeneza upya. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, watu wakamwita Simba wa Kenya. Tangu mwanzo, basi, historia ya gari la mashindano katika pande hizi ni historia ya gari kuukuu lililopata mkono wa fundi, na ya mwana aliyesimama kando ya baba akishika taa.

Gari la michezo kwa maana ya Ulaya nalo lilikuja, na likafaulu. Mwaka 1971 Datsun 240Z, la milango miwili na injini ya silinda sita, lilishinda kwa mikono ya Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hii likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ambaye mwaka mmoja nyuma jamaa zake walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta alikuja kushinda mara nne nyingine mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini kufikia wakati huo mbio zilikuwa zimebadilika. Tangu mwaka 1974 ziliitwa Safari Rally tu, na zilikimbiwa ndani ya Kenya peke yake. Barabara za Tanzania ziliondoka katika ramani ya mashindano, na magari yaliyokuwa yamenunuliwa kwa sifa zake yakabaki na wenyewe.

Hapo ndipo panapoanza jibu la swali la pili. Mwenye gari katika nchi ya pamba alilipata katika miaka ya matumaini. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kwa mara ya kwanza mkulima wa Kisukuma aliuza pamba yake kwa mizani aliyoiamini. Mavuno yaliongezeka, uhuru ukaja, na fedha ya pamba ikanunua mabati, baiskeli, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na kwa wachache, gari. Gari hilo halikuwa la starehe tu. Lilikuwa ushahidi kwamba jembe laweza kumfikisha mtu pale ambapo karani na mkoloni walikuwa wamefika.

Kisha yakaja mambo kwa mfululizo, moja likilisukuma jingine. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Kati ya mwaka 1974 na 1976 watu wengi wa Usukuma, kama wa mikoa mingine, walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa, na wengine wakayaacha maboma yao pamoja na vilivyokuwamo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, pamba ikawa ya kununuliwa na mamlaka ya serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Biashara ya vipuri iliyokuwa imezoea njia ya Nairobi na Mombasa ikapoteza njia hiyo. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza, na fedha ya kigeni iliyokuwa chache ikawa adimu. Petroli iligawiwa kwa kiasi, na ikafika wakati magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia mchana. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, hata kuwa na bidhaa nyingi ghalani kuliweza kumtia mtu mashakani.

Katika miaka hiyo gari halikufa kwa siku moja. Lilikufa kama mzee anavyokufa, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo kilipigwa kiraka. Tangi lililotoboka lilizibwa kwa sabuni ya mche. Gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi nzito ya boksi. Mpira wa ndani wa gurudumu uligawanywa vipande, kimoja kikafunga bomba la maji, kingine kikatenganisha chuma na chuma. Springi iliyokatika iliongezewa jani la springi ya lori. Taa ya mbele ilikuwa ya gari jingine, na waya wake ulipita juu ya bati kwa sababu njia yake ya asili ilikwisha kuliwa na panya. Siku moja ikakosekana kitu kidogo kisichoweza kuigizwa, labda pete za pistoni, labda pampu ya maji, na gari likainuliwa juu ya mawe. Haikuwa nia ya mwenyewe kuliacha. Aliliinua ili matairi yasioze likingoja kipuri.

Jambo hili ndilo linalosahaulika haraka. Mtoto aliyelikuta gari limekufa huona uzembe. Humwona baba aliyeshindwa kutunza kitu kizuri. Mawe manne husema jambo jingine. Mtu aliyekata tamaa huliacha gari lilale kwa tumbo. Aliyeliweka juu ya mawe alikuwa na ahadi nalo.

Ahadi hiyo haikuvunjwa na uhaba, ajabu yake ilivunjwa na wingi. Kuanzia mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na katika urais wa Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985, milango ilifunguka zaidi. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia, na baadaye yakaja kama mafuriko. Sasa vipuri vilipatikana, lakini vya Toyota. Fundi kijana aliyejifunza kazi katika miaka ya 1990 hakuwa na sababu ya kujua kwa nini injini ya 404 imelazwa ubavu. Gari la mzee likawa kitu cha kuchekesha. Uhaba ulilisimamisha, neema ndiyo iliyolizika.

Ni katika hali hiyo ndipo mwana anapokuja na uamuzi wake. Kazi yenyewe haina siri, ina saburi tu. Injini iliyokaa miaka mingi haipigwi starti. Plagi hutolewa, mafuta hutiwa katika kila silinda, yakaachwa siku kadhaa yashuke kando ya pistoni. Kisha injini hujaribiwa kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma, hadi isalimu amri. Atakayeilazimisha kwa betri siku ya kwanza atavunja kile ambacho kutu ilikuwa imekishika tu. Tangi hushushwa na kuoshwa, kwa kuwa petroli ya zamani huacha utomvu unaoziba kabureta. Mipira yote ya breki hubadilishwa, hata ile inayoonekana mizima, maana mpira huzeeka kutoka ndani. Halafu huja bati. Katika magari yaliyoishi kwenye udongo mweusi, matope hujikusanya ndani ya mbavu za chini ya milango, hukauka, hunyonya unyevu wa kila masika, na kutu hula kutoka upande usioonekana. Rangi yaweza kung'aa juu ya bati ambalo kidole hupenya. Fundi mzuri wa bodi huanza kwa bisibisi, akichokoa, akitafuta pale ambapo ukweli umejificha.

Baada ya hapo mwana hufika njia panda, na hapa ndipo penye mzozo. Njia ya kwanza ni kulirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani: rangi ile ile, viti vile vile, kila kiraka kimeng'olewa. Njia ya pili ni kuliwezesha kutembea huku alama za maisha yake zikiachwa. Wenye njia ya kwanza husema gari lilichorwa na bingwa, na heshima ya bingwa ni kuiona kazi yake bila madoa. Wenye njia ya pili husema kiwanda kilitengeneza maelfu na maelfu ya magari yanayofanana, na kilicholifanya hili kuwa la baba ni zile springi za lori na ule waya uliopita juu.

Wapenzi wa ushairi wa pwani wanaujua mzozo huu kwa jina jingine. Tenzi za kale hazikuwafikia wasomaji wa leo kwa mikono ya watunzi wake. Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate mwaka 1728 uliishi kwa sababu ulinakiliwa, na waliounakili walikuwa watu wenye kalamu zao, lahaja zao na hukumu zao. Mohamed bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao, na mikono yake iliokoa tungo nyingi. Kila mnakili aliyekaa mbele ya waraka ulioliwa na mchwa alikabiliwa na uamuzi ule ule wa fundi wa bodi: je, pengo lijazwe kwa neno linalofaa, au liachwe wazi ili ajaye ajue kwamba hapa palikuwa na kitu? Anayejaza humpa msomaji beti zinazosomeka. Anayeacha wazi humpa ukweli. Mnakili bora hujaza, kisha huonyesha alipojaza.

Fundi wa majahazi naye ana hukumu yake. Ubao uliooza hung'olewa, mpya ukapigwa mahali pake, ukakalafatiwa na chombo kikapakwa deheni. Baada ya miaka arubaini huenda ukabaki mkuku na mataruma machache ya asili, na hapana mtu bandarini anayesema kwamba chombo hicho si kile. Kinachokifanya kiwe kile ni kwamba hakikuacha kwenda. Lakini gari la Bariadi liliacha kwenda, na hapo mfano wa jahazi hufika ukingoni. Kati ya siku liliposimama na siku linapowashwa upya mna kimya cha miaka thelathini au arubaini, na anayelitengeneza hana budi kuamua afanye nini na kimya hicho.

Dunia ya magari makubwa imejibu kwa njia zake. Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan nchini Japani, wakifanya kazi kwa kujitolea, walilifufua Datsun 240Z namba 11 lililoshinda Safari ya 1971, likatembea tena. Wao walikuwa na michoro ya kiwanda na ghala la kumbukumbu. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa yakikusanyika katika East African Safari Classic, mbio za magari ya kale ambazo zimewahi kuvuka mara kadhaa hadi Tanzania ya kaskazini. Katika mbio hizo limo tukio moja linalostahili kukaa karibu na mada hii. Björn Waldegård wa Sweden alishinda Safari mara nne, mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, lakini mwaka 1974, akiendesha Porsche 911, alikuwa wa pili nyuma ya Joginder Singh. Porsche haikupata kushinda Safari yenyewe hata mara moja. Mwaka 2011, miaka 37 baadaye, Waldegård alirudi na Porsche 911 ya zamani, akashinda mbio za Classic. Na aliyeketi kiti cha pembeni akimsomea njia alikuwa mwanawe, Mathias. Mzee huyo alifariki mwaka 2014. Hilo nalo lilikuwa tengenezo, ingawa si la bati: baba na mwana walilichukua gari la deni la zamani wakalilipa pamoja, wote wawili wakiwa hai.

Wengi hawapati bahati hiyo. Mwana wa Bariadi kwa kawaida huanza baada ya mazishi, na mwalimu wake ni gari lenyewe. Akifungua kifuniko cha injini hukutana na akili ya marehemu: fundo la waya lililofungwa namna ambayo mtu mmoja tu alikuwa akifunga, boliti iliyotoka katika plau, alama ya kalamu ndani ya kifuniko inayotaja siku ya kubadilisha oili. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha Peugeot. Ni mwandiko wa baba. Kwa Msukuma, jina lenyewe la heshima ni Ng'wana Fulani, mwana wa fulani. Mtu hujulikana kwa kutajwa aliyemzaa. Akiling'oa kila fundo na kutupa kila boliti, atakuwa amepata gari zuri na kulifuta jina.

Pana mambo mawili yanayoukaza uamuzi huo. La kwanza ni mirathi. Gari halikatwi vipande kama shamba, wala halizai kama ng'ombe. Ng'ombe kumi kwa ndugu watano ni hesabu. Gari moja kwa ndugu watano ni kesi. Likiwa juu ya mawe, kila mmoja analo na hapana anayelitaka. Siku linapowaka, wote hukumbuka fungu lao. Kwa hiyo mwenye busara hukaa na ndugu zake kabla ya kushika spana, wakaandikiana nani anatoa nini na gari litakuwa la nani, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na kadi ya gari, iliyofichwa pengine chini ya sanduku la mama, huwa na thamani kuliko injini.

La pili ni chuma chakavu. Wanunuzi wake hupita vijijini na mizani, nao hawaulizi gari lilishinda nini wala lilibeba nani. Hulipa kwa kilo. Kilichokuwa mlango husafiri kwenda kuyeyushwa, kikarudi mkoani kama nondo za nyumba ya mtu mwingine. Hakuna dhambi katika hilo, na familia yenye njaa haina wajibu wa kuweka makumbusho. Lakini kila gari linaloondoka hivyo huondoka na ushahidi. Vitabu vya historia vitasema kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilipungua na vipuri vikakosekana. Gasketi ya boksi husema jambo ambalo vitabu havisemi: kwamba jioni moja, kwa mwanga wa kandili, mtu aliketi na mkasi, akapima tundu kwa tundu, kwa kuwa asubuhi ilimpasa kumfikisha mzazi hospitali.

Kwa sababu hiyo, kati ya njia mbili zile, ya tatu ndiyo yenye haki zaidi, nayo ni ile ya mnakili bora. Breki ziwe mpya, kwa kuwa maiti wa pili hana faida kwa wa kwanza. Mbavu zilizoliwa na kutu zikatwe, bati zima lichomelewe. Injini ipewe inachodai. Lakini jani la springi ya lori, likiwa bado lina nguvu, libaki. Waya wa juu ubaki hata kama haupitishi tena umeme. Na gasketi ya boksi, ikitolewa, isitupwe, ifungwe katika karatasi na kuwekwa ndani ya gari lenyewe. Ajaye ajue palipojazwa, na nani alijaza.

Siku gari linaposhushwa kutoka juu ya mawe, chini yake huonekana pande la ardhi ambalo halikupata jua kwa miaka mingi, kavu, lenye umbo la gari. Kuku hukimbilia hapo mara moja kuchakura. Gari lenyewe husukumwa hadi njiani, huwashwa, hukohoa, hunyamaza, huwashwa tena. Likikubali, hutoa moshi wa buluu na kwenda polepole kuelekea barabarani, ambako lami iliyosubiriwa na baba sasa ipo, nyeusi na tambarare, juu ya udongo ule ule mweusi. Mawe manne huachwa mahali pake. Hapana haja ya kuyaondoa upesi. Gari ni la kale, na njia bado ni ndefu.